Re: Majaji wananikatisha kabla sijafika kwenye bei

Habari mkuu. Nimekuelewa: una programu ya kuunganisha wakulima wa zabibu wa Hombolo na wanunuzi, unapewa dakika 5 kuielezea mbele ya majaji wa shindano la biashara, na kengele inalia ukiwa bado kwenye historia ya zao.

Angalia kwanza slaidi yako ya pili. Huwa nahudhuria haya mashindano hapa Dodoma, nakaa nyuma tu, na wengi wanapotelea hapo hapo: ramani ya Tanzania, idadi ya watu, "soko ni kubwa". Majaji wanachezea simu. Kuna dada wa alizeti alianza kwa kuweka dumu la lita 5 mezani, akataja gharama ya mbegu, bei ya mafuta, na kwamba mashudu anauzia wafugaji. Simu zikashuka.

Wewe anza na mkulima mmoja. Kreti moja dalali anampa ngapi, kwako anapata ngapi, unabaki na nini? Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo lazima watauliza miezi ya katikati unakula nini. Hilo jibu liwe mdomoni. Kuhusu timu yako, slaidi moja inatosha.

Halafu intaneti ya ukumbini usiitegemee kabisa. Beba picha za skrini za programu yako.