Viroboto wa paka na dawa ya ng'ombe

Huku Mbeya nyumba yenye magunia ya mahindi haikosi paka, na paka naye hakosi viroboto. Hilo si ajabu wala si aibu. Kinachonitia wasiwasi ni chupa tunayoikimbilia: ile dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyobaki stoo, au ya kupe aliyonunuliwa mbwa. Ushauri wangu ni mmoja: isimguse paka.

Mwezi wa saba uliopita jirani yangu hapa Uyole aliniletea paka wake mdogo kamviringisha kwenye kitenge. Mate yanamtoka, masikio yanachezacheza, ngozi ya mgongo inaruka kama aliyepigwa shoti. Asubuhi alikuwa amempulizia dawa. "Nilimwuliza muuzaji kama inafaa kwa viroboto," akaniambia, "akasema mama, hii inaua wote." Muuzaji hakudanganya.

Tulimwosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, tukamsuuza mpaka harufu ikapungua, tukamkausha vizuri kwa taulo na kumlaza na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa, kisha bodaboda mpaka kwa daktari wa mifugo. Alichomwa sindano ya kutuliza misuli, akapona. Zingatieni hayo maji. Ya bomba kwa baridi yetu ya Juni na Julai humshusha joto, na paka aliyepoa hutetemeka zaidi. Ya moto sana nayo hutanua mishipa ya ngozi, sumu ikaingia kwa wingi. Na maziwa acheni kabisa. Hayaondoi sumu hiyo, na paka anayetetemeka akinyweshwa kwa nguvu yanaweza kumwingia mapafuni.

Dawa nyingi za namna hii ni za ukoo wa pareto, lile ua jeupe linalolimwa Umalila, Makete na Mufindi na kusindikwa Mafinga. Viwandani wameiga sumu yake na kuifanya kali zaidi, tena idumu. Kwenye lebo utakuta permethrin, cypermethrin au deltamethrin; ukiona jina linaishia na "thrin", rudisha chupa juu. Ini la mbwa au la ng'ombe huivunja sumu hiyo upesi. La paka halina vya kutosha vile vimeng'enya vinavyofanya kazi hiyo, kwa hiyo sumu hukaa mwilini ikisumbua neva. Amitraz, dawa nyingine maarufu ya kupe, haina "thrin" kwenye jina lakini nayo si ya paka. Na ni ini hilohilo linalofanya kidonge kimoja tu cha paracetamol kiweze kumwua, kwa hiyo paka mwenye homa asipewe dawa ya watoto wala ya wakubwa.

Sasa viroboto tuwafanyeje? Kwanza hakikisha kweli ni viroboto. Mchane paka juu ya karatasi nyeupe iliyoloa. Chembe nyeusi zikidondoka na kuacha michirizi ya rangi ya kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya paka wako. Dukani omba dawa iliyoandikwa wazi kwamba ni ya paka, kwa mfano yenye fipronil au selamectin, na utaje uzito wake. Hudondoshewa nyuma ya shingo, ulimi usipofika. (Watoto wakifuga sungura, fipronil msiwapake hao, inawadhuru vibaya.) Mbwa akipakwa dawa yake ya "thrin", asilale na paka kwa siku tatu hivi.

Kitoto cha paka ambacho hakijafikia umri ulioandikwa kwenye lebo, mimi hutumia chanuo la chawa na bakuli la maji yenye sabuni: chana shingoni na kwenye shina la mkia, chovya, rudia. Kazi inachosha, lakini ifanye kila siku, maana viroboto wengi hunyonya kitoto mpaka fizi zinakuwa nyeupe. Ukiziona hivyo, nenda kwa daktari siku hiyohiyo.

Usimalizie kwenye manyoya. Mayai hudondoka pale paka anapolala, na mabuu hujificha kwenye nyufa za sakafu na chini ya magunia. Fua tambara lake kwa maji ya moto na ulianike juani kila wiki, sogeza magunia, fagia mpaka kwenye kona. Watakaoibuka baadaye wanatoka kwenye vifuko ambavyo dawa haikuvifikia, kwa hiyo endelea kwa miezi miwili mitatu hata kama hujikuni tena. Ukiona vipande kama punje za mchele chini ya mkia, hiyo ni tegu anayoipata kwa kumeza viroboto akijilamba; omba na dawa yake, iliyoandikwa paka vilevile.