Jibu: Mchicha kwenye madumu ya zamani unageuka manjano

Habari za leo, ndugu. Umeeleza kwamba mchicha uliopanda kwenye madumu ya mafuta ya kula ya lita 20, uliyoyakata ubavuni, umedumaa na majani ya chini yanageuka manjano, ingawa unamwagilia asubuhi na jioni. Kabla ya kununua mbolea, chomeka kidole kwenye udongo: kikitoka na tope linalonuka uvundo, basi mizizi inakosa hewa kwa sababu maji hayana pa kutokea. Mimi hupasha moto msumari wa inchi nne, nikiushika kwa koleo, na kutoboa matundu kama kumi chini ya dumu, kwa kuwa plastiki iliyokaa juani hupasuka ukiilazimisha kwa kisu. Kisha huliinua dumu juu ya vipande vya tofali ili matundu yasizibwe na sakafu. Udongo wa mfinyanzi uchanganye na mchanga na samadi iliyooza vizuri. Ukikuta udongo hauna tope, huenda umepungukiwa na naitrojeni, yaani kirutubisho cha majani, na samadi hiyo hiyo itausaidia, japo siwezi kuthibitisha bila kuuona. Dumu lililowahi kubeba dawa ya wadudu usilipandie mboga kamwe, hata ukiliosha.