Sweta la mtoto la rangi mbili: tazama kwanza upande wa ndani

Shikamoo mama yetu wa Nachingwea. Umeeleza kwamba umemfumia mjukuu wako wa miezi sita sweta la kufungua mbele, lenye nakshi ya rangi mbili kifuani na mikononi, na kwamba sehemu ya nakshi imekunjamana, vifungo havifiki upande wa pili, na vidole vya mtoto vinanaswa kila unapomvalisha. Waliotangulia kukujibu wamekushauri ubadilishe uzi. Mimi ninaomba usiutupe uzi wako, bali uligeuze sweta nje ndani, kwa sababu matatizo yote matatu uliyoyataja yanaonekana upande huo.

Tunapofuma kwa rangi mbili katika mstari mmoja, rangi isiyotumika kwa wakati huo hupita nyuma ya mishono ikisubiri zamu yake. Uzi huo wa nyuma ukivutwa hata kidogo, huisogeza mishono ya mbele karibu karibu, na kitambaa hukunjamana na kupungua upana. Ukiachwa mrefu mno, huwa kitanzi kinachonasa vidole. Nilijifunza hili kwa uchungu kwa mtoto wangu wa kwanza hapa Newala. Nilimfumia sweta kwa ajili ya baridi ya Juni, wakati ukungu wa jioni unapoufunika uwanda wa Makonde, na nikajivunia sana upande wa mbele. Asubuhi moja alilia bila kunyamaza, nikamvua, nikakuta uzi wa ndani ya mkono umejizungusha kwenye kidole chake cha shahada hadi kimevimba na kubadilika rangi. Niliukata uzi kwa mkasi na kidole kikarudi katika hali yake, lakini tangu siku hiyo siruhusu uzi wa nyuma uvuke mishono mitatu katika sweta la mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Katika masweta ya watu wazima utaona ukiruhusiwa kuvuka hata mishono mitano, na kwao haina madhara.

Nakshi ikidai nafasi ndefu zaidi, uzi unaosubiri hubanwa njiani: unaupitisha juu ya uzi unaofuma, unafuma mshono mmoja, kisha unaushusha. Usiubane mahali palepale katika mistari inayofuatana, kwa kuwa rangi ya nyuma itachungulia mbele kama mchirizi. Kuhusu kukaza, dawa yangu ni hii: kila ninapobadilisha rangi, ninaitandaza kwa vidole mishono iliyokwisha kufumwa kwenye sindano ya kulia mpaka ilale kwa upana wake halisi, ndipo ninapoupitisha uzi. Mikono, ambayo ni myembamba, ninaifuma kwa mzunguko huku nimeigeuza nje ndani, ili nyuzi za nyuma zipite upande wa nje wa duara, ambako njia ni ndefu kidogo, nazo hupata ulegevu zinaouhitaji.

Sasa kuhusu kifua. Umesema kipande chako cha majaribio kilikuwa na mishono 28 katika sentimita 10, nami ninaamini ulikipima vizuri, ila ulikifuma kwa rangi moja. Kifua cha mtoto wa miezi sita ni kama sentimita 43, na sweta linahitaji nafasi ya sentimita 5 hivi, jumla 48. Kwa kipimo chako ni mishono 134, na kwa kuwa nakshi yako inajirudia kila baada ya mishono sita, ulifanya vyema kuchagua 133, yaani marudio 22 na mshono mmoja wa kusawazisha. Hesabu yako ni sahihi kabisa. Lakini kufuma kwa rangi mbili hukaza kuliko kufuma kwa rangi moja, na ikiwa sehemu ya nakshi ilifikia mishono 32 katika sentimita 10, basi mishono ileile 133 imekupa sentimita 41 na nusu tu, ambazo hazifikii hata kifua chenyewe. Kipande cha majaribio lazima kifumwe kwa nakshi yenyewe, kifuliwe, kikauke, ndipo kipimwe. Mara nyingi inatosha kutumia sindano kubwa zaidi kwa nusu milimita katika mistari ya nakshi pekee.

Mtu mmoja amekushauri ufume kwa mzunguko na kulikata sweta mbele, kama wafanyavyo wafumaji wa visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti. Njia hiyo inafaa kule kwa sababu sufu yao ina nywele zinazoshikana, na mshono uliokatwa haukimbii. Nyuzi tunazozipata madukani huku ni za akriliki au pamba, nazo huteleza. Fuma kwenda na kurudi, na mwisho wa kila mstari zungusha rangi zote mbili pamoja mara moja ili ukingo usiachie. Uzi wa akriliki usiupige pasi, hasa ya mkaa, kwa maana joto huulaza moja kwa moja na hautanyumbuka tena.

Kwa hali ya hewa yetu ya Mtwara na Lindi, sioni sababu ya kujaza nakshi mwili mzima, kwa kuwa nyuzi za nyuma hukifanya kitambaa kuwa kizito maradufu. Mkanda wa mistari kumi na tano kifuani unatosha. Nakshi zangu ninazitoa kwenye ukili wa mikeka, kwa sababu wasukaji wetu nao hufanya kazi kwa hesabu, na pembetatu na mawimbi yao huwa na hatua fupi za rangi, ambazo ndizo tunazozitaka. Ninazichora kwenye daftari la hesabu lenye vijisanduku, nikikumbuka kwamba mshono ni mpana kuliko kimo chake, hivyo pembetatu itatoka imebonyea kidogo kuliko ilivyo kwenye karatasi. Rangi nyekundu iloweke kwanza pamoja na kitambaa cheupe, uone kama inachuja, kabla ya kuifuma karibu na nyeupe.

Sweta ulilonalo usilifumue lote. Mwili wenye sentimita 41 na nusu unaweza kuokolewa kwa kuokota mishono kwenye kingo mbili za mbele na kufuma mikanda ya vifungo yenye upana wa sentimita 6, mmoja ukilala juu ya mwingine; vifungo vishonwe kwa uzi wa nguo uliopigwa mara nyingi, kwa maana kikidondoka kitaishia mdomoni. Mikono ndiyo ya kufumua, hadi mwanzo wa nakshi. Kabla ya kuianza upya, fuma kipande kipya cha rangi mbili, kifue, kisha uniandikie kipimo chake hapa, nami nitakuhesabia mishono ya kila mkono.