Ndege ina rada, mbona bado tunarushwa?

SWALI: Shikamoo Kapteni. Juzi nilipanda ndege ya alfajiri, Dar kwenda Mwanza. Tulipokaribia ziwa rubani akatangaza kwamba anakwepa mvua. Tukazunguka weee, na bado tukarushwa hadi chai ikanimwagikia. Kwani rada haiwaonyeshi kila kitu kilichoko mbele?

JIBU: Marahaba. Haituonyeshi kila kitu. Rada ya ndege inaona maji, basi. Upepo haiuoni, na wingu lisilo na mvua linaipita hivihivi.

Ndani ya pua ya ndege kuna antena bapa inayogeuka kushoto na kulia, ikituma mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimita 3 hivi. Yakigonga matone, sehemu ndogo hurudi. Muda uliotumika unatupa umbali, na nguvu ya mwangwi inatupa rangi kwenye skrini: kijani, njano, nyekundu. Mvua ya mawe iliyolowa hung'aa kuliko vyote, lakini barafu kavu hurudisha mwangwi hafifu mno.

Hapo ndipo penye kazi kwetu wa ukanda wa joto. Mawingu ya radi ya Ziwa Victoria, ambayo hupenda usiku na alfajiri, hupanda juu sana, na kuanzia futi 16,000 hivi maji huanza kuganda. Ukiwa futi 33,000 na antena imetazama mbele sawasawa, unapiga kichwa cha wingu ambacho ni barafu tupu, na skrini inaweza kukuonyesha kijani cha kukupa moyo bure. Kwa hiyo antena huinamishwa, itazame kiuno cha wingu kulikolowa. Rada za kisasa hujiinamisha zenyewe. Za zamani ni mkono wa rubani, na kwa umbali wa kilomita 100, nyuzi moja tu inahamisha mwale kwa takriban mita 1,700.

Udhaifu ninaouogopa zaidi ni huu: mvua nzito humeza mawimbi yenyewe. Nyuma ya nyekundu unaona weusi, unadhani ni njia, kumbe mawimbi hayakufika huko. Tarehe 4 Aprili 1977 huko Georgia, Marekani, DC-9 ya Southern Airways, safari namba 242, iliingia kwenye dhoruba ya namna hiyo. Maji na mawe vilizima injini zote mbili, ikajaribu kutua barabarani, na watu 72 wakafa, wakiwemo waliokuwa chini. Wachunguzi walitaja kwamba kapteni aliitegemea rada yake kupenya katikati ya radi. Chombo hiki ni cha kukwepea, si cha kupenyea.

Sasa chai yako. Rada nyingi za leo hupima pia mwendo wa matone, zikatambua msukosuko ndani ya mvua hadi kilomita 70 na ushee. Lakini hewa inayovurugwa pembeni mwa wingu ni kavu, haina tone la kurudisha mwangwi. Rubani wako alikwepa maji. Msukosuko ule hakuwa na namna ya kuuona kwenye skrini, na ndiyo maana taa ya mikanda huwashwa mapema. Radi kali tunashauriwa kuipisha kwa kilomita 37 au zaidi. Mawingu yakipanga foleni juu ya ziwa na nafasi hiyo ikakosekana, tunazunguka angani kusubiri, au tunakwenda kutua kiwanja kingine.