Nyasi inayopita ngano kimo, Mau Narok

Ndugu, umeuliza hiyo nyasi iliyozidi ngano yako kimo ni nini, na kama ng'ombe anaweza kuila. Kwa ulivyoieleza, naona ni oti-mwitu, Avena sterilis, yenye asili ya nchi za Mediterania. Ila hakikisha kwanza.

Ng'oa mche mchanga utazame pale jani linapoachana na shina. Ngano ina vijisikio viwili vinavyokumbatia shina. Oti-mwitu haina, ina utando mweupe tu. Ikikomaa, mbegu mbili au tatu huanguka zikiwa zimeshikana, zina manyoya na unywele mgumu uliopinda katikati. Ukilowa unywele huo hujisokotoa, ukikauka hujisokota tena, na hivyo huisukuma mbegu udongoni, ambako hukaa hai miaka kadhaa. Ndiyo maana palizi moja haitoshi.

Ing'oe kabla haijachanua, hapo unaweza kumlisha ng'ombe. Ikishabeba mbegu usimpe, maana nyingine hutoka hai kwenye samadi. Msimu ujao panda viazi au njegere, na kombaini ya kukodi isafishwe kabla ya kuingia shambani.

Dawa usirudie ileile kila mwaka, nyasi hii huizoea. Ukipulizia na isife, peleka sampuli KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, kituo cha Njoro, kabla ya kuongeza kipimo.