Sindano Peke Yake au na Vidonge? Uliza Kidonge Gani

Wiki hii msomaji wa Kongwa ameniandikia kuhusu baba yake. Saratani ya tezi dume imeshafika kwenye mifupa, daktari ametaja homoni, na ndugu wamegawanyika: sindano peke yake, au sindano na vidonge? Swali hilo lilitukalia na sisi hapa Dodoma mzee wangu alipougua, na mpaka leo linanichoma.

Saratani hii hustawi kwa homoni ya kiume, ambayo sehemu kubwa hutoka kwenye korodani. Homoni ikizimwa, uvimbe hunywea. Kuna sindano ya goserelini, kila siku 28 au kila wiki 12 kulingana na dozi, na kuna upasuaji wa kuondoa korodani, unaofanyika mara moja basi. Kwa kushusha homoni, zote mbili zinafika palepale. Daktari alimweleza baba taratibu, akamchorea juu ya bahasha ya eksirei, baba akakubali upasuaji. Baba wadogo wakaja juu: "Mnataka kumfanya kaka yetu maksai?" Kikao cha wafugaji kikishafika hapo, nani afungue mdomo? Tukaingia kwenye sindano, na waliopiga kelele hawakuchangia hata moja. Sindano zikaanza kurukwa. Maumivu ya mgongo yakarudi, na mzee akaamua mwenyewe kwenda kupasuliwa. Nilijivunia sana baba yangu siku ile.

Sasa vidonge. Tezi zilizo juu ya figo nazo hutoa homoni kidogo, ndiyo maana watu huchanganya dawa. Lakini dada yangu, usikubali kuambiwa "vidonge" tu. Vya zamani, flutamidi na bikalutamidi, huongeza kidogo mno. Uchambuzi wa mwaka 2000 uliokusanya wanaume zaidi ya 8,000 ulikuta waliokuwa hai baada ya miaka 5 ni asilimia 25.4 kwa waliochanganya, na 23.6 kwa wasiochanganya. Faida yake kubwa ni kutangulia sindano ya kwanza, kwani sindano hiyo hupandisha homoni kabla ya kuishusha, na mwenye uvimbe kwenye uti wa mgongo anaweza kupooza.

Abirateroni, kidonge kipya zaidi, ni habari nyingine kabisa. Katika utafiti uliotoka 2017, kwa wagonjwa ambao saratani yao ilikuwa imesambaa na ni kali, asilimia 66 ya waliochanganya walikuwa hai baada ya miaka 3; kwa wasiochanganya, 49. Hunywewa pamoja na prednisoloni, dawa ya steroidi, na presha, potasiamu na ini lazima vifuatiliwe.

Basi mkirudi kliniki ulizeni jina la kidonge, bei yake kwa mwezi, na kama bima inakilipia. Na ninyi wanaume wa ukoo, mwili ni wa mgonjwa. Anayepinga upasuaji aje na hela ya sindano zote, siyo ya moja. Majibu ya daktari ayasikie mzee mwenyewe kwanza, ndipo muitishe kikao.