Tochi imesoma 97, lakini ya gari gani?

Swali: Trafiki alinisimamisha kwenye barabara ya kilomita 80 kwa saa, akanionyesha tochi (kifaa cha kupima kasi) inasoma 97. Nina hakika sikuzidi 80, na wakati huohuo lori lilikuwa linanipita. Je, tochi inaweza kuchanganya magari? Tena alinipiga tochi akiwa pembeni mwa barabara, si mbele yangu. Hoja hiyo itanisaidia?

Jibu: Nianze na hilo la pembeni, maana halikusaidii. Tochi ya rada hutuma mawimbi ya redio. Yakigonga gari linalokuja, hurudi na masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi) yaliyopanda kidogo. Hiyo ni kanuni aliyoieleza Christian Doppler mwaka 1842. Kwa tochi ya gigahezi 24.15, kila kilomita moja kwa saa hupandisha masafa kwa kama hezi 45 tu. Ukipigwa kwa pembe, tochi iliyotulia husoma pungufu: kwa nyuzi 20, gari la 100 husomeka 94. Pembe ilikupendelea wewe.

Hali hugeuka gari la polisi likiwa mwendoni. Hapo rada hupima pia kasi ya gari lake lenyewe na kuiondoa kwenye jumla ya kasi zenu mnapokutana. Ikijisoma pungufu, kiasi kilichopungua unabandikwa wewe. Ndiyo maana askari hutakiwa kulinganisha usomaji huo na spidomita yake.

Sasa lori. Hapa una hoja. Mwale wa rada si uzi; hutanuka kama mwanga wa kurunzi. Mwale wa nyuzi 12, ukifika mita 300, una upana wa zaidi ya mita 60, yaani barabara nzima na vichaka vyake. Vifaa vingi huonyesha mwangwi wenye nguvu zaidi, na bodi ya lori hurudisha mawimbi mengi kuliko gari dogo. Rada inajua kasi. Haijui ni ya nani.

Anayejua ni askari, na taratibu za kutumia rada zimejengwa juu ya hilo. Kwanza akadirie kwa macho kwamba gari fulani linakimbia. Kisha namba ikubaliane na makadirio yake, itulie kwa sekunde kadhaa (wakufunzi wengi husema angalau tatu), na mlio wa kifaa uwe safi, usiokatika. Namba iliyoruka mara moja bila kutulia haifai kumwandikia mtu faini, hata kama imebaki kwenye kioo.

Kifaa chenyewe nacho kina masharti. Hujaribiwa mwanzo na mwisho wa zamu, mara nyingi kwa uma wa chuma unaogongwa ukatetema kwa kiwango kinacholingana na kasi inayojulikana. Pia kiwe na cheti cha upimaji ambacho muda wake haujaisha. Soma namba ya kifaa iliyo kwenye cheti. Nimeshaona cheti kizuri kabisa cha tochi nyingine.

Kupuuza haya kuna gharama. Mwaka 1979, huko Miami, Marekani, televisheni ilionyesha rada ikisoma mti kuwa unakimbia maili 86 kwa saa, karibu kilomita 138. Jaji akakataa ushahidi wa rada kwenye kesi zilizokuwa mbele yake. Mti haukwenda popote. Tatizo lilikuwa mwingiliano wa mawimbi pamoja na watumiaji waliofundishwa haraka haraka.

Sheria hutofautiana nchi na nchi. Ujerumani, kwa mfano, usomaji wa rada iliyotulia hukatwa kilomita 3 kwa saa kabla ya faini, au asilimia 3 ukizidi 100. Hata hivyo 97 yako ingebaki 94, kwa hiyo usipoteze muda na makato. Uliza askari aliandika nini kuhusu lori: lilikuwa njia ipi, umbali gani, na alilitofautishaje na gari lako.

Ila kabla ya yote, jua kama tochi ilikuwa ya rada au ya leza, inayotumia mwale wa mwanga. Mwale wa leza kwa mita 300 una upana wa kama mita moja. Ikiwa ni hiyo na alikulenga wewe, hoja ya lori inakuwa dhaifu sana.